Kitabu Kikishasomwa Kiende Wapi?



Katika ofisi za vyama vingi vya msingi lipo kabati ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja tu. Humo mna mihuri na madaftari, na chini kabisa mna vitabu: vya kilimo cha kahawa, vya uwekaji wa hesabu, vya ufugaji wa nyuki. Vilisomwa mara moja, pengine na katibu peke yake, kisha vikafungiwa. Mchwa hawahitaji ufunguo.

Mwaka 1970 ulipotangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakulima wengi waliingia katika madarasa ya kisomo. Ikadhihirika kwamba aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma, husahau. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijiji. Vitabu vya kabatini vyaweza kufanya kazi iyo hiyo leo, bila chama kutoa hata senti.

Basi kitabu kilichosomwa na kiazimwe. Daftari moja latosha: jina la kitabu, jina la mwazimaji, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Siku ya malipo ya mazao ndiyo njema ya kurudisha, kwani siku hiyo hapana mwanachama anayehitaji kuitwa! Kurasa zikilegea, sindano ya magunia haikosekani ghalani, nayo hushona vizuri kabisa. Sanduku la vitabu liinuliwe kutoka sakafuni, na ndani yake yatiwe majani makavu ya mwarobaini.

Lakini si kila kitabu ni cha kuazimwa. Vipo vijitabu vya zamani vinavyomshauri mkulima kunyunyiza DDT, dawa ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001, ulioanza kutumika 2004, umeizuia katika kilimo. Hali kadhalika maelezo ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na Sheria Na. 6 ya 2013. Mwanachama aliyeazimwa kijitabu hicho atasimama mkutanoni kudai haki yake kwa kifungu kisichokuwapo tena, na aibu itamwangukia yeye, si aliyemwazima. Vitabu vya namna hiyo viandikwe juu ya jalada, kwa wino mwekundu, "Kumbukumbu tu", wala visitoke ofisini.

Tena visiuzwe kwa kilo. Karatasi kuukuu zikienda kwa wauza karanga bila kukaguliwa, huenda daftari la hisa likawa miongoni mwake. Na mjane akija kudai fungu la marehemu mumewe, ushahidi wake utakuwa umekwisha kufungiwa karanga sokoni.

Kabla ya mkutano mkuu ujao, kabati lifunguliwe mbele ya wajumbe wa bodi, vitabu vihesabiwe kimoja kimoja, na orodha ya vile vya kuazimwa ibandikwe mlangoni.