Nani Mwenye Neno la Mwisho Kanisani?

Msikilizaji, Aprili 2023 mjini Kigali, viongozi wa vuguvugu la Kianglikana la GAFCON walitangaza kwamba hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiungo cha umoja wao. Miezi miwili kabla, Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilikuwa imeunga mkono sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja.

Je, wewe unayesali Mpwapwa, Tanzania, mambo haya yanakuhusu? Yanakuhusu sana: dayosisi yako ina urafiki wa miaka mingi na ile ya Rochester, Uingereza.

Sasa tupime hoja. Wapo wasemao umoja usiosimama juu ya Maandiko ni jina tupu. Wengine wanajibu kwamba Canterbury si Roma. Askofu wake mkuu haamrishi jimbo lolote la Afrika, basi kwa nini kuvunja undugu? Hoja hii mimi naiona nzito. Ugomvi wa namna hii juu ya umoja ni wa zamani: mwaka 1913, Waanglikana waliposhiriki ushirika mtakatifu na Wapresbiteri kule Kikuyu, Kenya, Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipinga vikali.

Tunabaki na swali: majimbo yakikosana, na hakuna wa kuamrisha, nani atayapatanisha?