Hadithi ya Picha Inapogeuzwa Kuwa Sinema

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya hadithi zinazosimuliwa kwa picha za kuchorwa, na jinsi zinavyobadilika zinapotolewa katika karatasi na kutiwa katika sinema. Wengi wetu, na hasa watoto wa shule, wamekwisha kuzitazama sinema hizo. Lakini si wengi waliokwisha kuviona vitabu na magazeti zilikotoka. Kwa hiyo huzuka ubishi. Huyu asema anaijua hadithi kwa kuwa ameitazama. Yule asema sinema imeiharibu. Nami naona kila mmoja amekosea kidogo.

Fikirini barua. Mtu ajuaye kusoma akipata barua, huisoma kwa mwendo wake mwenyewe. Akifika penye neno zito husimama. Akisahau hurudi juu. Lakini asiyejua kusoma husomewa, na mwendo huwa wa yule msomaji. Hata sauti huwa yake, ikiwa ya ukali au ya upole. Barua ni ile ile moja, ila waliyoyapata watu hao wawili si sawa. Basi hadithi ya picha katika karatasi ni barua iliyo mkononi mwako. Sinema ni barua unayosomewa.

Nitawapa mfano wa Popeye. Mchoraji mmoja wa Marekani, E. C. Segar, alianza mwaka 1919 kuchora katika gazeti la New York hadithi iliyoitwa Thimble Theatre. Kila siku msomaji alipata kipande kidogo, picha chache tu, na kesho yake kipande kingine, hata hadithi moja iliweza kuchukua miezi. Popeye, yule baharia mwenye jicho moja na mikono minene, hakuwamo tangu mwanzo. Alitokea Januari 1929, kwa sababu watu wa hadithi walitaka baharia wa kuendesha chombo chao. Alikuwa mpita njia tu, lakini wasomaji walimpenda, naye Segar akampa kazi ya kudumu.

Sasa niwaulize: nguvu za Popeye zatoka wapi? Mtajibu kwamba zatoka katika mkebe wa spinachi, mboga ile inayofanana na mchicha. Lakini katika hadithi ile ya kwanza hazikutoka katika mboga yo yote. Alipopigwa risasi nyingi, aliokoka kwa kumpapasa kichwa ndege wa ajabu aitwaye Bernice. Spinachi ilikuja baadaye, na Segar aliitumia mara moja moja tu.

Ni sinema iliyoifanya kuwa kanuni. Mwaka 1933 ndugu wawili, Max Fleischer na Dave Fleischer, walianza kutoa sinema za Popeye, kila moja ikichukua kama dakika 7. Katika dakika 7 hapana nafasi ya safari ya miezi. Yapasa ugomvi uanze upesi, ukue upesi, na uishe. Basi walihitaji adui aliye tayari. Wakamchukua Bluto, ambaye Segar alimtumia katika hadithi moja ya mwaka 1932, wakamfanya mgomvi wa siku zote. Tena walihitaji kitu cha kuumaliza ugomvi, wakakipata ndani ya mkebe.

Wala msidhani walifanya hivyo kwa uvivu. Katika sinema picha 24 hupita mbele ya macho kila sekunde. Hata kama kila mchoro hupigwa picha mara mbili, kama ilivyo desturi, dakika 7 zahitaji michoro ipatayo 5,000. Mtu mwenye kazi ya namna hiyo hana budi kuchagua atakachokichora. Tena walitia vitu ambavyo karatasi haina, yaani mwendo, muziki na sauti. Jack Mercer, aliyempa Popeye sauti tangu mwaka 1935, alizoea kunung'unika maneno ya mzaha chini kwa chini, na watazamaji wakacheka sana.

Mfano wa pili ni Superman, aliyetungwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, na kutokea katika Action Comics mwaka 1938. Hapa Kiswahili chetu kina jambo la kuchekesha, maana chura huruka na kunguru huruka, na neno ni lile lile. Superman wa kwanza aliruka kama chura: aliweza kwa mruko mmoja kwenda sehemu ya nane ya maili, yaani kama mita 200, kisha akatua. Katika karatasi jambo hilo lilipendeza, maana msomaji alimwona angani tu, na kushuka kwake hakukuwa na haja ya kuchorwa. Lakini ndugu Fleischer walipomtia katika sinema mwaka 1941, kila kupanda na kila kutua kulipasa kuonekana, na husimuliwa kwamba waliona mtu mzima anayedundadunda kama mpira ataleta kicheko. Katika sinema zao akaja kuruka kama kunguru, na baadaye vitabu navyo vikafuata. Kwa hiyo mtoto aweza kumfundisha baba yake.

Huenda mtu akasema, “Hayo ni kwa sababu wageni waliishika kazi ya mwingine. Mwenyewe angaliifanya, isingalibadilika.” Basi mtazameni Otomo Katsuhiro wa Japani. Alianza kuchora hadithi yake Akira mwaka 1982, akaimaliza mwaka 1990, na kurasa zake zapita 2,000. Sinema yake aliiongoza yeye mwenyewe, ikatoka mwaka 1988, kabla kitabu hakijaisha. Nayo huchukua saa mbili na dakika chache. Katika kitabu, mtoto Akira huamshwa katika usingizi wake, na mji huangamizwa katikati ya hadithi, kisha watu huishi maisha marefu ya taabu katika magofu. Katika sinema, Akira hakusalia ila vipande vilivyohifadhiwa katika chupa, na maangamizi ya mji huja mwishoni. Mtungaji ni yule yule, na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni chombo.

Je, mambo haya yana maana gani kwetu? Yana maana kwa sababu sinema ina sauti kubwa, na yenye sauti kubwa hufunika nyingine. Segar alifariki mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 43. Sinema za Popeye ziliendelea miaka mingi baada yake. Watu wengi wamjua baharia yule na mkebe wake, wala hawalijui jina la aliyemtunga; na zile safari ndefu alizozichora siku kwa siku, wachache ndio wanaozisoma. Kazi ya mtu yaweza kuzikwa chini ya sifa zake yenyewe.

Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi wanafunzi: mkiisha kuitazama sinema, msiseme mmekisoma kitabu. Na mkiisha kukisoma kitabu, msiitukane sinema kwa kuwa imepunguza. Ulizeni kwanza, “Kwa nini hapa pamekatwa, na pale pameongezwa?” Mara nyingi mtaona sababu iliyo wazi. Na kitabu chenyewe kikipatikana, kichukueni mkononi, mkisome kwa mwendo wenu wenyewe. Kusomewa barua ni jambo jema. Lakini ajuaye kusoma hakubali kusomewa siku zote.