Uthibitishaji wa Haki ya Mgeni Kufanya Kazi kwa Njia ya Mtandao: Mfano wa Uingereza

Mada hii inachunguza namna Uingereza inavyothibitisha kwa njia ya mtandao kama raia wa kigeni aliyeko nchini humo anaruhusiwa kufanya kazi, na inatoa hoja kwamba utaratibu huo, ijapokuwa umeziba mianya mingi ya kughushi, umemtwisha mfanyakazi jukumu la kuthibitisha haki ambayo yeye mwenyewe hana waraka wake. Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwaajiri wauguzi na wahudumu wengine wa afya wa Kenya, mbali na wanafunzi wa Afrika Mashariki ambao hufanya kazi za muda huko wakiwa masomoni.

Msingi wa utaratibu wenyewe ni Sheria ya Uhamiaji, Hifadhi na Uraia ya mwaka 2006, ambayo ilimfanya mwajiri kuwa mlinzi wa pili wa mpaka. Mwajiri anayempa kazi mtu asiye na ruhusa hutozwa faini bila ya kufikishwa mahakamani, na kuanzia Februari 2024 kiwango cha juu cha faini hiyo kilipandishwa kutoka pauni 15,000 hadi 45,000 kwa kila mfanyakazi katika kosa la kwanza, na kutoka pauni 20,000 hadi 60,000 kosa linaporudiwa. Kinachomwokoa mwajiri ni kinga ya kisheria, yaani ulinzi anaoupata iwapo alikagua haki ya mfanyakazi kwa namna iliyoelekezwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, hata kama baadaye itabainika kwamba mtu huyo hakuwa na ruhusa.

Ukaguzi huo hufanyika kwa msimbo, ambao ni mfuatano wa herufi na tarakimu 9 unaodumu kwa siku 90. Mfanyakazi huingia katika akaunti yake ya uhamiaji, ambamo ruhusa yake huonekana kama viza ya kielektroniki, huomba msimbo kwa madhumuni ya kazi, kisha humpa mwajiri pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Mwajiri naye huingiza vitu hivyo viwili katika ukurasa wa serikali uliotengwa kwa ajili ya waajiri, akaona picha ya mhusika, aina ya kazi anazoruhusiwa na siku ambayo ruhusa inakwisha. Ni lazima ailinganishe picha na sura ya mtu aliye mbele yake, na aihifadhi nakala ya ukurasa huo muda wote wa ajira na miaka 2 baada ya ajira kukoma. Mwajiri anayeridhika kutazama simu ya mfanyakazi, badala ya kuufungua ukurasa wa waajiri yeye mwenyewe, hapati kinga yoyote, na jambo hili linafaa kusisitizwa kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba kuona kunatosha.

Ni haki kukiri kwamba hatua hii ya kuhamishia ukaguzi mtandaoni ina manufaa ya kweli. Kadi ya ukaazi iliweza kuibwa, kughushiwa au kubaki mkononi mwa mtu ambaye ruhusa yake ilikwisha kufutwa, na tangu Aprili 2022 waajiri hawaruhusiwi tena kuitegemea kadi hiyo. Hata hivyo, historia ya Uingereza inaonyesha ni nini humpata mtu mwenye haki asiyekuwa na uthibitisho. Watu waliohamia kutoka visiwa vya Karibi kabla ya mwaka 1973, maarufu kama kizazi cha Windrush, walikuwa na haki kamili ya kuishi na kufanya kazi, lakini wengi wao hawakuwahi kupewa hati, na kadi zilizorekodi kuwasili kwao ziliteketezwa na Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 2010. Masharti ya ukaguzi yalipokazwa, baadhi yao walipoteza kazi, wengine waliwekwa kizuizini, na wengine wakafukuzwa kutoka nchi waliyoishi tangu utotoni. Kashfa hiyo ilimfanya Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, ajiuzulu Aprili 2018.

Funzo hilo halikuzingatiwa vya kutosha. Oktoba 2020 Baraza la Malodi lilipitisha pendekezo la kuwapa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya uthibitisho wa kushikika, nalo likakataliwa na serikali pamoja na Bunge la Makabwela. Matokeo yake ni kwamba mtu ambaye akaunti yake imekwama, au aliyepata pasipoti mpya bila ya kuiingiza katika akaunti, anaweza kuonekana kama asiye na ruhusa ilhali sheria inamtambua. Aliyeomba kuongezewa muda kabla ya viza yake kuisha naye huendelea kuwa na haki ya kufanya kazi wakati akisubiri majibu, lakini mara nyingi mwajiri hulazimika kuomba uthibitisho wa Wizara, ambao humpa kinga ya miezi 6 tu. Kwa mwajiri anayeogopa faini ya pauni 45,000, njia nyepesi ni kumchukua mwombaji mwingine, na ubaguzi wa namna hiyo, ingawa umekatazwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, ni mgumu sana kuuthibitisha mbele ya baraza la kazi.

Kwa hiyo mada hii inapendekeza kwamba kila mwenye viza ya kielektroniki apewe pia waraka uliotiwa saini ya kidijitali, anaoweza kuuchapisha na ambao mwajiri ataweza kuuhakiki hata mtambo wa Wizara ukiwa umezimika. Kwa upande wa nchi wanakotoka wafanyakazi, semina za maandalizi kabla ya safari zinapaswa kumfundisha muuguzi kufungua akaunti yake, kuihuisha kila anapobadilisha pasipoti au namba ya simu, na kutunza barua ya uamuzi wa viza, kwa sababu barua hiyo, ijapokuwa haimpi mwajiri kinga, ndiyo itakayomwezesha mwanasheria kuonyesha kilichoamuliwa siku ambayo mtambo utasema vinginevyo.