Vijana waombe sheria, wazee wawasikilize

Nyinyi mlio kambini, nanyi machifu wetu, leo tuongee juu ya simu mikononi mwa watoto.

Picha ya aibu ya msichana ikisambazwa, hairudi tena. Uongo juu ya kabila la jirani ukitumwa jioni, asubuhi watu wanashika mapanga.

Huko Marekani, tarehe 14 mwezi wa pili 2023, kijana Emma Lembke alisimama mbele ya kamati ya Seneti. Alieleza jinsi mitandao ilivyomuumiza tangu alipoanza kuitumia akiwa na miaka 12, akaomba sheria ya kulinda vijana.

Sisi Kongo tunayo Kode ya Numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Inaadhibu chuki ya kikabila, usumbufu na picha chafu za watoto. Lakini sheria isiyojulikana ni taa bila mafuta.

Basi wazazi, msinyang'anye simu tu. Mwulizeni mtoto ameona nini. Machifu, wapeni vijana nafasi barazani, andikeni malalamiko yao, yafike kwa wabunge. Vijana, kabla ya kutuma neno, jiulizeni nani atalia kesho.

Amani iwe nanyi.