Ngeli na Upimaji wa Programu za Kompyuta za Kiswahili

Upimaji wa programu za kompyuta umezoeleka kuhesabiwa kuwa kazi ya wahandisi peke yao. Dhana hiyo ndiyo inayohojiwa katika mhadhara huu. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, wataalamu wa Kiswahili wamejadili sana suala la istilahi: iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Suala la namna ya kuipima sarufi ndani ya programu limepewa uzito mdogo mno.

Hakuna mpimaji awezaye kujaribu kila kinachoweza kuingizwa katika programu. Edsger Dijkstra, mtaalamu Mholanzi, alikwishatahadharisha mwaka 1969 kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwa makosa yapo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa hayapo. Kwa sababu hiyo data hugawanywa katika makundi ambayo programu inatarajiwa kuyashughulikia kwa namna moja, kisha huteuliwa mifano michache ya kila kundi, pamoja na ile ya mipakani ambako makosa hupenda kujificha.

Kwa Kiswahili, makundi hayo yamekwishachorwa na sarufi yenyewe. Tuchukue ujumbe ulioachiwa nafasi ya nomino na kufuatiwa na neno "imefutwa". Mpimaji akichopeka "picha", programu inafaulu. Akichopeka "barua", inafaulu tena. Majaribio mia ya nomino za ngeli ya I-ZI yatafaulu yote, ilhali mtu wa kwanza kufuta kitabu ataambiwa *"kitabu imefutwa". (Wapo wazungumzaji wa mijini ambao sentensi hiyo haitawashtua, programu ya benki au ya hospitali, hata hivyo, haikukusudiwa kusema kama kijiweni.) Zana za tafsiri kama gettext hukitengea Kiswahili maumbo mawili tu, la umoja na la wingi. Ngeli haina mahali pake humo.

Mipaka nayo ina mitego yake. Mpimaji aliyekumbuka KI-VI anaweza kuridhika na "kitabu kimeondolewa", asijue kuwa programu hiyohiyo itatoa *"kiongozi kimeondolewa". Nomino za viumbe hai, kama vile kiongozi, daktari na rafiki, zina umbo la ngeli moja na upatanisho wa nyingine, kwa hiyo kila jaribio la ngeli halina budi kuwa na angalau moja kati yake.

Hali ni hiyohiyo kwa programu inayotamka idadi kwa sauti. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Anayejaribu kwa hizo hataona kosa lolote. Nane ndiyo itakayofichua, kwa kuwa vitabu ni vinane, na baada yake kumi na moja, kwa kuwa vitabu ni kumi na kimoja.

Makosa hayo huudhi, lakini maana haipotei. Kwenye saa maana ndiyo inayopotea. Mfumo wa kliniki uliohifadhi miadi ya 08:00 ukiagizwa kuisoma tarakimu kwa Kiswahili utatamka "saa nane", na mgonjwa atafika saa sita baada ya daktari kumngojea. Jaribio la kimashine litapita bila dosari, kwa kuwa tarakimu ilikuwa nane na neno lililotamkwa ni nane. Mfasiri aliyekabidhiwa orodha ya maneno yasiyo na muktadha hawezi kuliona kosa hilo, wala msanidi asiyejua kuwa Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Huonekana pale tu anayeijua lugha anapoketi na wasanidi kabla sentensi za programu hazijaundwa, akiwa na haki ya kuizuia isitolewe.