Teja ni wetu, tusimsubirie jeneza

*Mazungumzo haya yalitolewa na mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa Temeke, Dar es Salaam. Tunayachapa kwa ajili yako wewe ambaye hukuwepo.*



Sikuja hapa kama daktari, na sikuja kukuhubiria. Nimekuja kwa sababu ya jirani yangu, mtu niliyecheza naye chandimu tangu tukiwa na kaptula za shule. Alianza na msokoto wa kokteli, bangi iliyotiwa unga, akipewa bure na washikaji. Akaishia kwenye sindano. Siku moja akanaswa, akasota mahabusu miezi mitatu. Alipotoka alikuwa amenenepa, mashavu yamejaa. Mama yake akachinja kuku.

Usiku wa tatu alikwenda maskani, akajidunga kipimo kile kile alichokizoea zamani. Asubuhi tulimkuta chooni, amekauka.

Mtaani wakasema karogwa. Wengine wakasema kauziwa unga wa sumu. Ukweli ni mwepesi kuliko hayo. Mwili ukikaa bila unga hupoteza ule uzoefu. Kipimo kilichokuwa kikimtoa arosto tu, sasa kinamzima pumzi. Kila anayetoka jela, mahabusu au kwenye tiba yumo hatarini siku za mwanzo. Jirani yangu hakuambiwa neno hilo na askari, na sisi washikaji tuliompokea kwa shangwe hatukumwambia pia.

Nani mwenye jahazi?

Unga haulimwi Tandika wala Manzese. Heroini inayotumaliza hutoka Afghanistan, ikapakiwa kwenye majahazi pwani ya Iran na Pakistan, ikavuka bahari hadi kwetu. Nionyeshe mlalahoi mmoja mwenye jahazi!

Wewe unajua nani hukamatwa: mwenye kete mbili mfukoni. Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alitaja majina hadharani, na ndani yake akamtia Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, ambaye alikana katakata. Magazeti yaliuza. Lakini kutaja majina hakukumtoa arosto hata teja mmoja wa Temeke.

Kabla ya hapo, mwaka 2012, mwimbaji Ray C alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Kikwete kwa kumsaidia kupata matibabu. Ni jambo jema, na dada yule alionyesha ujasiri kujitokeza. Swali langu ni moja tu: asiye na wimbo redioni, Ikulu yake iko wapi?

Arosto si ujeuri

Wengi tunadhani teja hataki kuacha. Sikiliza. Saa chache baada ya kete ya mwisho, kiasi cha saa 6 mpaka 12, jasho linaanza, mifupa inauma, tumbo linaharisha, usingizi hauji. Siku ya pili na ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Baada ya kama wiki mwili unatulia, lakini kiu ya kichwani inabaki kwa miezi, hata miaka.

Ndiyo maana kumfungia mtu chumbani au kumtia pingu kitandani mara nyingi hakufui dafu. Mwili umepoa, akili bado inaungua. Ukimwachia tu, anarudi, tena na mwili usio na uzoefu. Hapo ndipo jeneza linapoagizwa.

Msaada upo, na mwingine ni bure

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Ikafuata Mwananyamala mwaka 2012, kisha hapa hapa Temeke mwaka 2014. Baadaye huduma ikafika Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko.

Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na arosto inakatika bila sindano. Wapo wanaobeza kwamba ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mtu aliyekuwa akitafuta kete mara tatu au nne kwa siku, akikwapua simu na kuchangia sindano yenye virusi vya Ukimwi na homa ya ini, leo anakunywa kikombe asubuhi kisha anakwenda kazini. Huo ni ulevi gani? Sharti asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, kwani mchanganyiko huo huua.

Huhitaji kigogo wa kukuandikia kimemo. Waelimisha rika wa vikundi vya kijamii hupita maskani na kuwapeleka watu kliniki. Wengi wao walikuwa huko huko wakatoka, hivyo hawakuangalii kwa kinyaa. Waulize.

Ziko pia soba hausi, ambazo Zanzibar walitutangulia kuziendesha. Mtu hukaa miezi kadhaa na wenzake waliokwisha kuacha, wakifuata ratiba na hatua 12. Kasoro yake ni ada, si kila mzazi anaimudu. Lakini mikutano ya waraibu wanaosaidiana haina kiingilio. Sharti lake ni nia ya kuacha tu.

Nauli, na siasa zetu

Dawa ni bure, daladala si bure. Anayetakiwa kufika kliniki kila siku akikosa nauli siku mbili, siku ya tatu yuko maskani. Hapa ndipo mtaa unapohitajika. Vijana kumi wa kijiwe kimoja wakichanga kidogo kidogo, mwenzao hakosi kikombe.

Halafu kazi. Aliyeacha unga akikaa bure mchana kutwa, unga utamkumbuka. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na humo asilimia 4 ni ya vijana. Mwulize diwani wako: ni kikundi gani cha walioacha unga kimepata hata shilingi? Asipojibu, mwulize tena kwenye mkutano wa hadhara, watu wasikie.

Na tusijifiche, wanamageuzi. Wakati wa kampeni vyama huwachukua vijana wa maskani kupiga kelele kwenye malori, vikawalipa chapchap, jioni fedha yote inaishia kwenye kete. Sisi wa upinzani mikono yetu ni safi? Anayempa teja fedha taslimu ili amshangilie hana haki ya kulia msibani.

Kuanzia leo jioni

Kijana, ukipewa msokoto ambao hukuona ukisokotwa, ukatae. Kokteli haina kibandiko.

Ukimkuta mtu amezidiwa, anakoroma vibaya, midomo imegeuka rangi, usimmiminie maziwa wala maji ya chumvi. Akiwa anapumua, mlaze kwa ubavu. Pumzi ikikata, mpulizie mdomoni, na kwa vyovyote mkimbize hospitali. Usimkimbie kwa kuogopa polisi.

Akiitiwa mwizi, simama mbele ya tairi. Simu iliyoibwa hununuliwa nyingine.

Na mwenzako akitoka mahabusu, mchinjieni kuku, sawa. Lakini kabla ya kula mvute pembeni umwambie: ndugu yangu, kipimo kile cha zamani sasa kitakuua, twende kliniki kesho, nauli ninayo.

Mimi sikumwambia wangu. Wewe mwambie wako.