Kiu ya Hewa: Kwa Nini Miche ya Kigali Hunyauka Julai Ingawa Joto Ni Lile Lile

Mada kwa walimu wa baiolojia na wasimamizi wa vitalu vya miche, Kigali



Kigali ni mahali pazuri mno pa kufundishia namna mmea unavyopoteza maji, kwa sababu jotoridi lake halipandi wala kushuka sana mwaka mzima. Wastani wa mwezi hauendi mbali na nyuzi 20 au 21 za Selsiasi, iwe Aprili mvua inamwagika, iwe Julai vumbi limetanda vilimani. Hata hivyo kila mtunza kitalu anajua tofauti ya miezi hiyo miwili. Aprili ndoo zinakaa tu. Julai mche ulionyweshwa alfajiri unakutwa saa nane mchana majani yamelegea. Kama joto ni lile lile, kilichobadilika ni nini? Ni kiu ya hewa, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi ya mengine yote.

Maji mengi yanayovutwa na mizizi, zaidi ya asilimia 95, hayabaki ndani ya mmea. Hutoka majanini yakiwa mvuke kupitia stomata, vitundu visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikiwa kati ya seli mbili zinazovimba kikafunguka na kunywea kikafunga. Mmea unalazimika kuvifungua ili uingize kaboni dayoksaidi, na vikishafunguka maji yanatoka. Mwingereza Stephen Hales aliandika habari hizi mwaka 1727, baada ya kufunika udongo wa chungu cha alizeti kwa bamba la risasi na kuupima mmea wake kwa mizani.

Sasa tupige hesabu. Ndani ya jani hewa imejaa mvuke karibu wakati wote. Swali ni hewa ya nje ina nafasi kiasi gani. Kwenye nyuzi 16, alfajiri ya ukungu bondeni Nyabugogo, mita moja ya ujazo ya hewa hushika gramu 13 na nusu hivi za mvuke, basi. Imejaa, na jani halipotezi kitu. Ikifika nyuzi 27 mchana, hewa ile ile inaweza kushika karibu gramu 26. Kama mvuke wake haujaongezeka, pengo, yaani kiu ya hewa, ni gramu 12. Tuseme msimu wa mvua hewa ya mchana ina gramu 18: pengo ni 8. Tuseme kiangazi ina 10: pengo ni 16, mara mbili kamili, na kipimajoto kinasoma 27 siku zote mbili. Anayepanga zamu za umwagiliaji kwa kutazama kipimajoto peke yake anaiacha nusu ya habari.

Upepo huongezea. Jani lililotulia huzungukwa na utando wa hewa yenye unyevu. Upepo ukiupeperusha, hewa kavu inagusa jani moja kwa moja. Ndiyo maana mche ulioko mgongoni mwa kilima unataka maji kuliko nduguye wa bondeni. Mwinuko nao una neno lake: karibu mita 1,500 juu ya bahari hewa ni nyepesi, na mvuke husambaa haraka kuliko Mombasa au Dar es Salaam.

Lakini mmea haukai tu ukinyonywa. Chukueni karatasi iliyolowekwa kloridi ya kobalti, ikaushwe hadi iwe buluu, muibane juu na chini ya jani la mbuni. Upande wa chini hugeuka waridi upesi, wa juu hukawia, kwa kuwa stomata za mbuni ziko chini tu. Rudieni mchana mkavu: hata chini karatasi inachelewa. Mbuni umefunga vitundu. Umeokoa maji, lakini umejinyima chakula, na nadhani hasara hiyo ya pili tunaisahau tunapofurahi kwamba mti haukufa. Matandazo ambayo wakulima wa kahawa wa Rwanda wamezoea kutandaza shambani yanasaidia hapa: yanalinda maji ya udongoni, na mzizi ukiwa na maji mti unachelewa kufunga.

Mkaratusi una tabia nyingine. Mizizi ikishafika kwenye maji ya bondeni, aina nyingi huendelea kuvuta hata kiangazi. Ndiyo sababu mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya vyanzo vya maji. Siulaumu mti wenyewe. Kuni na nguzo zetu nyingi zinatoka kwake. Mahali pake ni mlimani, mbali na chemchemi. Kinamasi kama cha Nyandungu, kilichofufuliwa na kufunguliwa kama hifadhi mwaka 2022, kinastahili mimea ya asili ya kinamasi.

Kwa vitalu napendekeza tununue kipimaunyevu kabla ya mpira mwingine wa maji, tumwagilie alfajiri au jioni, na tupande ua wa kukinga upepo upande wa kilimani. Kwa shule zinazotaka kunasa mvuke wa jani, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008, kwa hiyo tawi lifunikwe kwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Matone yakishatanda ndani, waulizeni wanafunzi kwa nini jani linapoteza maji polepole kuliko mwanzo, kisha waangalie tena chupa ikiwa imefunuliwa.